Tutakurudishia Ukishafika

Milioni tano, laki nne na elfu hamsini na mbili. Jumla hiyo niliiandika kwa kalamu nyekundu Jumamosi moja usiku, Juni 2023, mezani kwa mama, Majengo, Moshi. Kando ya daftari ilikuwepo barua niliyoichapisha steshenari mchana ule. Nilikuwa nimepata nafasi ya wiki kumi za mafunzo kwa vitendo kwenye maabara ya magonjwa ya mimea huko Ulaya, na taasisi moja ya ufadhili imekubali kunipa euro 3,000 za safari na maisha. Mama Kiingereza hakisomi sana. Aliishika ile barua, akatafuta jina langu mpaka akaliona, akaweka kidole chake hapo na kukaa kimya muda mrefu.

Kwa bei ya euro ya wakati ule, fedha ile ilikaribia milioni nane za Kitanzania. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na barua ya milioni nane alikuwa amekaa mezani anatafuta milioni tano, na asipozipata hizo, zile nane hatazigusa. Sababu ilikuwa kwenye aya ya nne ya barua, sentensi moja fupi ambayo siku ya kwanza niliipita kama mtu anayepita kibao cha barabarani akiwa na haraka: gharama zitarejeshwa baada ya mwanafunzi kufika na kuwasilisha risiti.

Sikwenda. Nalisema hili mapema ili anayesoma asikae akisubiri habari ya ndege. Naandika kwa sababu kila mwaka, ikifika Januari, wadogo zetu wa vyuo vya Moshi na Arusha huanza kunitumia matangazo ya nafasi za nje, wakiniuliza waandike nini kwenye barua ya maombi. Barua tutaizungumza. Lakini swali ambalo lingeniokoa mimi hakuna aliyewahi kuniambia niliulize, na halihusu barua.

Nianze na migomba, maana ndiyo iliyonifikisha huko.

Bibi yangu ana kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, Kibosho. Nikiwa darasa la sita, migomba ya upande wa chini, karibu na mfereji, ilianza kunyauka. Majani ya zamani yaligeuka njano kwanza, yakavunjika kwenye shingo na kuning'inia kuzunguka shina kama sketi iliyochakaa. Babu alipoukata mmoja kwa panga tukaona ndani mistari ya rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, imepanda na mishipa ya shina. Alichimba, akachoma, akapanda mwingine palepale. Ukanyauka nao. Ilikuwa mchare, ndizi ya mtori, ile supu ya ndizi za kuponda, ndizi ambayo mama aliyejifungua hupikiwa, na sehemu ile ya kihamba haikuzaa mchare tena hadi babu anafariki.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, ndipo nilipopata jina la kile kitu: mnyauko fuzari, ugonjwa wa fangasi anayeishi ardhini na anayeweza kukaa humo miongo kadhaa akisubiri mgomba mwingine. Babu hakuwa mzembe. Alikuwa akipanda juu ya adui asiyeonekana. Fildi yangu ya mwaka ule, yaani mafunzo kwa vitendo ya chuo, niliifanya Arusha, upande wa Tengeru, ambako IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, wana kazi ya kuzalisha mchare ulio bora zaidi kwenye eneo la chuo cha Nelson Mandela. Pale nilijifunza kwa nini kazi hiyo ni ngumu: ndizi tunayokula haina mbegu, kwa hiyo kupata mche mpya wenye nguvu ya kupambana na ugonjwa kunahitaji uchavushaji wa maua mengi sana kwa mkono ili upate punje chache za mbegu, na punje hizo nazo huoteshwa kwenye chupa za maabara. Pale pia nilisikia habari za Leuven, Ubelgiji, ambako umehifadhiwa mkusanyiko mkubwa kuliko wote duniani wa aina za migomba, zaidi ya aina 1,500, nyingi zikiwa vimche vidogo ndani ya chupa. Nchi isiyoota mgomba hata mmoja shambani! Nililala usiku ule nikiwaza kwamba huenda mchare wa Kibosho uko huko kwenye rafu, mzima, bila fangasi.

Hapo ndipo hamu ilipoanza.

Sasa barua. Ya kwanza niliyoiandika ilisema mimi ni binti mwenye bidii niliyetoka katika familia yenye kipato cha chini, na kwamba nafasi hii itabadilisha maisha yangu. Nadhani nusu ya vijana wa nchi hii wameandika barua hiyo. Nilituma kumi na mbili za namna ile na sikupata jibu hata moja. Mhadhiri mmoja aliyenipenda kwa maswali yangu aliisoma, akaniuliza, "Mgomba uko wapi humu?" Haukuwemo. Nilikuwa nimeandika habari za umaskini wetu kana kwamba ndio sifa yangu, na kile nilichokijua kuliko mwanafunzi yeyote wa Ulaya nilikiacha nyumbani.

Nikaandika upya. Nilianza na panga la babu na ile mistari ya kahawia, nikaeleza nilichokiona Tengeru, nikasema nataka kujifunza namna ya kumtambua fangasi kwenye udongo kabla mkulima hajapanda, kwa sababu kwetu mkulima hugundua baada ya mwaka mzima kupotea. Kisha nikataja makala moja ya maabara husika niliyoisoma na kitu kimoja nilichokuwa sijakielewa ndani yake. Ukurasa mmoja tu. Nilituma kumi na tisa za namna hiyo, kila moja ikiwa tofauti kwa sababu kila maabara ina kazi yake, na majibu yakaja manne. Watatu walisema hawana nafasi lakini waliandika kwa heshima, mmoja akanipa majina ya watu wengine wa kuwaandikia. Wa nne akasema njoo, ila mshahara sina, tafuta ufadhili, hii hapa taasisi inayosaidia wanafunzi wa nchi zetu.

Kuna jambo la mfumo wetu ambalo wanaotoa ushauri mtandaoni huwa hawaligusi, labda kwa sababu wengi wamesoma kwingine. Shahada zetu nyingi ni za miaka mitatu, kwa kuwa tunapita kidato cha sita kwanza. Programu nyingi za nje zinamtaka mwanafunzi wa mwaka wa tatu na kuendelea, na zinataka awe bado mwanafunzi siku anapofika. Ukiwa mwaka wa kwanza hakuna anayekutaka. Ukimaliza wa tatu umeshakuwa mhitimu. Linabaki dirisha moja, likizo ya mwisho wa mwaka wa pili, ukiwa unaingia wa tatu, kuanzia Julai hadi Oktoba, na dirisha hilohilo ndilo la fildi, ambayo ni lazima. Wanaosoma uhandisi miaka minne au udaktari miaka mitano wana nafasi ya kukosea na kujaribu tena. Wa miaka mitatu hana. Anayeanza mwaka wa pili mwezi wa Novemba inampasa awe ameshaanza kuandika barua, na amwendee mapema mratibu wa fildi kumwomba kwa maandishi kwamba mafunzo ya nje yahesabiwe kuwa fildi yake. Mratibu wangu alikubali baada ya kuona mpango wa kazi kutoka maabara. Nilimshukuru na ninamshukuru hadi leo.

Halafu kuna GPA, wastani wa alama. Yetu ni kati ya 5. Fomu nyingi zinauliza kati ya 4. Nilikuwa na 4.1, na kwenye fomu ya kwanza niliijaza hivyohivyo, mashine ikaikataa kwa kuwa imezidi kiwango cha juu. Wapo wanaoandika 4.0 ili mambo yaende. Usifanye hivyo, cheti chako kitasema ukweli. Andika uwiano wake, kisha kwenye nafasi ya maelezo sema ni 4.1 kati ya 5, na kwamba daraja la kwanza kwetu huanzia 4.4. Anayesoma faili lako hajui kwamba 4.1 kwetu ni juu ya katikati ya daraja la pili la juu. Mweleze. Na barua za waliokufundisha zitumwe kutoka barua pepe ya chuo, maana fomu nyingi hazipokei anwani ya kawaida. Waombe wiki tatu kabla, uwakumbushe kwa adabu.

Turudi mezani kwa mama.

Pasipoti 150,000. Hiyo ilihitaji namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti changu cha kuzaliwa na cha mzazi. Mama hana cheti, alizaliwa nyumbani Kibosho, kwa hiyo tukaenda kula kiapo, na wakili naye akalipwa. Ada ya viza ya Schengen ilikuwa euro 80 mwaka ule (imepanda kuwa 90 tangu Juni 2024), karibu 212,000. Huduma ya kituo cha kupokea maombi, 70,000. Bima ya safari yenye fidia isiyopungua euro 30,000, maana bila hiyo viza haitoki, 130,000. Kwenda Dar mara mbili, ya kwanza kupeleka maombi na kuacha alama za vidole, ya pili kuchukua pasipoti, basi la alfajiri na kulala kwa mama mkubwa Mbagala, 300,000 kwa safari zote. Tiketi ya ndege kutoka uwanja wa Kilimanjaro (KIA) kwenda na kurudi, 2,900,000. Chumba cha wanafunzi kule kilitaka dhamana ya euro 450 kabla ya kukabidhi ufunguo, karibu 1,190,000. Na chakula na nauli za wiki tatu, kwa sababu taasisi ilisema malipo huchukua hadi siku 21 tangu risiti zipokelewe: nikaweka 500,000, nikijua ni kidogo.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Hakuna hata kitu kimoja ndani yake ambacho taasisi ilikataa kukilipa. Yote yalikuwa ndani ya zile euro 3,000 na chenji ingebaki. Tatizo lilikuwa tarehe tu. Fedha yao ilikuwa Agosti na mahitaji yangu yalikuwa Juni, na katikati ya Juni na Agosti inatakiwa kuwe na mtu mwenye milioni tano anayeweza kuzikopesha bila riba. Mwanafunzi wa Ulaya ana mzazi mwenye kadi ya benki. Mimi nina mama muuza mboga soko la Mbuyuni.

Na viza inalizidisha jambo hilo. Anayepitia maombi anataka kuona unaweza kujikimu. Barua yangu ilisema nitarudishiwa, nami sikuwa na cha kurudishiwa kwa kuwa sikuwa na cha kutoa.

Mama hakulala. Asubuhi alivaa kanga yake nzuri akaenda kwa mwenyekiti wa vikoba. Kwenye kikundi chao unakopa hadi mara tatu ya hisa zako. Hisa za mama zilikuwa 400,000, kwa hiyo 1,200,000. Baba mdogo wa Himo aliahidi milioni moja akishauza mahindi. Jumapili iliyofuata ndugu walikaa Kibosho, bibi akapika kiburu, na mezani zikapatikana laki sita na elfu arobaini, nyingine zikiwa noti za elfu mbilimbili zilizokunjwa kwenye leso. Shangazi mmoja, mjane, alitoa elfu kumi, akaniomba samahani kwamba ni ndogo. Naandika hili na mkono unatetemeka. Zote kwa pamoja ni 2,840,000, na milioni ya baba mdogo ilikuwa bado iko shambani.

Wapo waliosema tuuze ng'ombe wa bibi. Nilikataa. Wapo waliosema nikope kwa wale wa mtaani wanaotaka kadi ya benki na riba kila wiki. Mama alikataa, na alikuwa sahihi, kwa sababu viza ikikataliwa ada hairudi na deni linabaki.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana ndilo ninalotaka lisomwe polepole.

Katika wiki zile nne sikuwaandikia wafadhili hata mstari mmoja kuwaambia kwamba siwezi kutanguliza fedha. Niliwaandikia kushukuru. Niliwaandikia kuthibitisha. Niliwaandikia kutuma nakala ya pasipoti. Hilo moja sikuligusa. Nilikuwa nimelelewa hivi: ukipewa kitu na mkubwa, unapokea kwa mikono miwili, unapiga goti kidogo, unasema ahsante. Huulizi kwa nini kimechelewa wala kwa nini kimekuja kwenye bakuli hili. Niliona kwamba nikisema sina, watafikiri niliomba kwa udanganyifu, au watampa mwingine aliye tayari. Niliona aibu. Kwenye barua ya kwanza umaskini niliutangaza bila kuulizwa, na siku ulipokuwa taarifa muhimu ya kazi nikauficha.

Tarehe 7 Julai tiketi ilikuwa imeshapanda kufika milioni tatu na nusu. Niliingia steshenari moja karibu na stendi kuu, nikaandika kwamba kwa sababu za kifamilia sitaweza kuja. Sababu za kifamilia! Familia yangu ilikuwa imejinyima kila kitu. Nikabonyeza kutuma, nikalipa mia tano, nikatembea kwa miguu hadi Majengo. Fedha za watu tulizirudisha moja moja, na shangazi mjane hakutaka kupokea zake.

Mwezi wa Novemba yule mama mratibu wa ufadhili aliniandikia kuuliza kama ninataka kuomba tena mwaka unaofuata. Sikuwa na cha kupoteza, nikamweleza kila kitu, na hesabu yote ya daftari nikaiambatisha. Alijibu siku ileile. Alisema kwa wanaowaambia mapema kwamba hawana fedha ya kutanguliza, wao huwanunulia tiketi moja kwa moja na kutuma sehemu ya posho kabla ya safari, na kwamba walishawafanyia hivyo wanafunzi kadhaa. "Laiti ungetuambia," aliandika. Utaratibu huo haukuandikwa popote kwenye tangazo wala kwenye barua. Hilo nimemwambia, naye amekiri kwamba ni kasoro. Lakini ile barua ya neno moja, ningeiandika mimi.

Mwaka uliofuata nilikuwa wa tatu. Nilimaliza Julai 2024. Dirisha likafungwa.

Leo ninafanya kazi kwenye kitalu cha miche ya migomba ya tishu, ile inayooteshwa maabara, hapahapa Moshi, na jioni nakaa na wanafunzi wanaoomba nafasi. Kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye tangazo ni nani ananunua tiketi na lini. Kiasi cha posho nakitazama baadaye. Kwa jicho hilo matangazo yanabadilika sura. OIST, chuo cha utafiti cha Okinawa, Japani, kinachochukua wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka popote duniani, kinagharamia tiketi ya kwenda na kurudi na malazi, na posho yake ni yen 2,400 kwa siku ya kazi. Maombi hufungwa 15 Aprili na 15 Oktoba. KAUST, chuo cha utafiti cha Saudi Arabia, kinachukua mtu miezi mitatu hadi sita, kikitoa nyumba, tiketi na dola 1,000 kwa mwezi. Dola elfu moja na chumba cha bure ni salama zaidi kwa mtoto wa mtaa wa Pasua, Moshi, kuliko euro 3,000 za kurudishiwa, hata kama za pili zinaonekana nyingi.

Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, nayo watu wananiuliza sana. Ipo, na mafunzo yake kwa vitendo ni ya miezi miwili hadi kumi na miwili, lakini mwanafunzi wa Tanzania haombi peke yake. Lazima chuo chake kiwe na makubaliano na chuo cha huko. Kwa hiyo safari ya kwanza ni ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako, kuuliza makubaliano yapo na nani na yanahusu fani gani. Nenda mwenyewe, usipige simu. RISE ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, ile ya kwenda maabara za Ujerumani, ni ya wanaosoma Marekani, Kanada, Uingereza na Ayalandi, na kila Desemba namkuta kijana wa kwetu ameshaikeshea fomu yake siku nne. Na nafasi za Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hazina mshahara, iwe New York au Nairobi. Aliye na ndugu wa kumpokea ataweza. Asiye naye, aipime vizuri kabla ya kuisherehekea.

Nyongeza moja. Kuna watu wanaozunguka kwenye makundi ya simu wakidai ada ya usajili wa nafasi za nje, itumwe kwa namba ya mtu binafsi. Programu za kweli za utafiti ninazozijua haziombi mwanafunzi atume fedha kwa simu ya mtu. Msichana mmoja wa Arusha alipoteza boom lake lote la muhula, fedha ya mkopo wa kujikimu chuoni, kwa njia hiyo, akala maharage ya kuazima hadi mitihani.

Binti wa mama mdogo anasoma sayansi ya chakula. Mwaka jana, 2025, alipata nafasi ya miezi miwili na nusu Ulaya, na barua yake ya ufadhili ilipofika alinitumia picha saa tano usiku. Niliitafuta ile sentensi. Ilikuwepo, aya ya tatu. Nikampigia nikamwambia alale, kesho tutaandika.

Tuliandika kwenye ngazi za nyumba yao Rau, yeye kwenye simu yake, mimi na daftari langu la 2023 mapajani. Alikuwa na aibu ileile, niliiona ikipanda shingoni. "Dada, si wataona namsumbua mtu aliyenisaidia?" Nikamwonyesha namba ya kalamu nyekundu. Akaandika, na kwa Kiswahili ujumbe wake ulikuwa hivi: "Nashukuru kwa ufadhili huu na niko tayari kuja. Familia yangu haiwezi kutanguliza gharama za safari, kwa hiyo utaratibu wa kurejeshewa utanizuia kusafiri. Naomba mninunulie tiketi moja kwa moja, mlipe dhamana ya chumba, na barua ya viza iseme kwamba posho ya mwezi wa kwanza nitaipata kabla ya kuondoka. Hesabu kamili nimeiambatisha." Basi. Hakuna kilio ndani yake, wala hakuna hadithi ya dhiki.

Siku mbili zikapita. Ya tatu asubuhi jibu likaja, limekubali tiketi na dhamana, limekubali barua ya viza, posho wakatoa nusu kabla na nusu akifika. Bima na ada ya viza tu ndizo alizolipa mwenyewe na kurudishiwa, na hizo vikoba vya mama mdogo viliziweza bila mtu kuuza chochote.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza KIA kwa hiace ya jirani, watu kumi na wanne. Mama mdogo alitaka kumfungia mchare wa mtori, baba yake akasema watamnyang'anya uwanjani. Hapo nilikuwa na la kusema. Matunda mengi hayaingii Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea, lakini matano yameachiwa: nanasi, nazi, duriani, tende na ndizi. Mama mdogo akafunga kichane kizima, mchare mbichi wa Kibosho, kila ndizi kwenye gazeti lake, akakiweka katikati ya nguo.

Baada ya siku nne ikaja picha. Sufuria dogo la mabweni juu ya jiko la umeme, ndizi zimemenywa zimekatwa, hakuna nyama ya mfupa, kitunguu kimoja na karoti. Chini yake ameandika: "Dada, kwenye jiko hili nizipe dakika ngapi ndipo nianze kuponda?" Nilimpelekea mama simu. Mama akavaa miwani, akaangalia lile sufuria kwa makini, akasema amwongezee maji kwanza.